Nani Aliyepaka Chokaa Korongoni

Naapa, tena nikiwa nimeshanawa mikono, kwamba haya yote ni kweli tupu. Nimekuwa mpishi wa meli tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Najua chumvi inavyoingia chunguni na najua inavyoingia katika maneno, na humu sikutia hata punje. Atakayesema nimetia, huyo hajawahi kuishi katika nchi yetu, nami nampa hongera.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si woga, jina lake bado liko kwenye kamati. Itoshe kusema kwamba iko kando ya bahari, ina bendera, ina wimbo wa taifa mrefu kiasi kwamba wageni huomba uimbwe kwa awamu, na ina Baba Mlezi. Picha ya Baba Mlezi imetundikwa katika kila ofisi, kila duka na kila choo cha umma. Kote anakutazama usoni, isipokuwa chooni, ambako kwa heshima ametazama pembeni.

Kitu cha kwanza mgeni anachopaswa kukielewa kwetu ni chokaa. Baba Mlezi akipanga kutembelea mahali, hutangulia lori lenye mapipa ya chokaa na vijana wenye brashi. Hupaka mawe ya kandokando ya barabara, hupaka miti kuanzia shinani mpaka kiunoni, na mtu akizubaa hupakwa naye. Mawe yakishakuwa meupe, mahali hapo hapana ruhusa tena ya kuchafuka. Hutupi taka, huchimbi, humwagi maji ya kufulia, mpaka mgeni afike na aondoke. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na ndiyo maana inafuatwa.

Mji wa Kitopeni ulipakwa chokaa, kisha ziara ikaahirishwa kwa miaka. Muda wote huo watu wa Kitopeni walibeba takataka zao kichwani kwenda kuzitupa mji wa jirani, wakawa wasafi mpaka wakaanza kuringa. Mzee mmoja wa pale alifariki chokaa ikiwa bado mbichi, na ofisa wa kata akamwendea mjane, kwa upole wote, kumwuliza kama marehemu asingeweza kuvuta subira.

*

Mwaka wa kisa hiki, Baba Mlezi alirudi kutoka nchi jirani akiwa amenuna. Huko walimwonyesha ziwa. Walimlisha samaki wa ziwa hilo, wakampiga picha mbele yake, na ndani ya ndege akauliza kwa nini mji wetu mkuu, uliokaa juu ya kilima kikavu, hauna ziwa. Hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia kwamba maziwa huja yenyewe. Kabla ndege haijatua, uchimbaji wa Ziwa la Taifa ulikuwa umeanza. Maji yangetafutwa baadaye, kwanza shimo.

Sasa shimo lina tabia moja mbaya: linatoa udongo. Kilima kile kilitapika tope jekundu, likajaa mitaani, likateremshwa kwa malori mpaka bandarini, likapakiwa kwenye matishali, na matishali yakajipanga foleni yakisubiri kuambiwa pa kulimwaga. Ndipo Waziri wa Ardhi, Bahari na Mengineyo, Mheshimiwa Lukumbo, alipofunua ramani. Lukumbo ni mtu ambaye hata akiagiza yai la kuchemsha utadhani anahutubia uwanja wa mpira. Aliona, nje kidogo ya mdomo wa bandari, mstari mweusi unaoteremka baharini. Akauliza ni nini. Akaambiwa ni korongo, bonde refu lililo chini ya maji. Waziri akafurahi sana, akasema kumbe Mwenyezi Mungu alikwisha kulichimbia taifa letu shimo la taka hata kabla ya uhuru.

Kwa bahati mbaya yake, tunayo sheria moja nzuri iliyotungwa kwa ajili ya kuwaonyesha wafadhili: huwezi kumwaga kitu mahali mpaka mtaalamu atie saini kwamba mahali hapo hapana kitu. Karatasi hiyo huitwa Cheti cha Utupu. Na mtaalamu wa bahari nchini alikuwa mmoja tu, Dakta Kidawa Mshangama, aliyekuwa na meli moja, MV Subira, kamera moja ya kushushwa kwa waya, na mpishi mmoja, ambaye ndiye mimi, Feruzi.

Kidawa ninamwita mwanangu ingawa sikumzaa. Ana kasoro moja tu: hawezi kusema uongo. Wali ukiungua, mabaharia wote husema ni mtamu, kwa sababu wanajua nina kisu. Yeye atasema umeungua, na atakuonyesha umeungua upande gani.

Korongo lile alikuwa amelichungulia miaka na miaka. Akamweleza Waziri, na baadaye akanisimulia mazungumzo yao huku akipasua karanga kwa hasira, kwamba kuta zake zimejaa matumbawe ya maji baridi. Hayajawahi kuliona jua na wala hayalihitaji. Hukaa gizani yamefungua vinywa vidogo vidogo, yakingoja makombo yanayoletwa na mkondo. Hukua taratibu mno. Viko vichaka vilivyokuwapo kabla mji mkuu haujapata jina lake la kwanza. Katika matawi yake hujificha kaa na kamba, papa hutundika mayai yao humo, na samaki wanaouzwa sokoni wengine utoto wao wameumalizia mle. Tope likimwagwa, vinywa vile vitaziba, na hakuna atakayeweza kuvizibua tena.

Waziri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia matumbawe hupenda jua, jambo ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Kidawa akasema hayo ni ya juu. Ya chini ni ukoo mwingine. Waziri akauliza kama huo ukoo mwingine umeandikishwa. Haujaandikishwa. Unapiga kura? Haupigi. Umewahi kulalamika?

"Hayana sauti, Mheshimiwa."

"Basi hao ndio wananchi bora kuliko wote niliopata kuwasikia," akasema Waziri. "Nina hakika watatuelewa."

Akampa amri: ataenda baharini na tume, atashusha kamera, tume itajionea utupu kwa macho yake, naye atatia saini palepale. Asipotia, meli itachukuliwa ikavute matishali, na yeye atahamishiwa Idara ya Nyuki, bara, mahali ambapo maji huletwa kwa punda na punda mwenyewe haji kila wiki.

*

Tume ilipanda melini asubuhi, ikiwa na watu wengi kuliko maboya. Wa kuwajua ni wawili tu. Mmoja ni Waziri. Wa pili ni Bwana Salehe Mkanyia, Mkuu wa Itifaki ya Taifa, mtu mwembamba wa glavu nyeupe, mwenye funguo zote za ghala la chokaa. Ziara ya Baba Mlezi haiwezi kupangwa bila yeye kujua, na hilo ndilo lililompa cheo, gari, na vidonda vya tumbo.

Kabla kamera haijashushwa, uliimbwa wimbo wa taifa. Ubeti wa kati Waziri aliumalizia ukingoni, maana bahari ilikuwa imeanza kumsalimia. Aliporudi na kufuta mdomo, alisema hawezi kuanza kazi bila kuzungumza na wenyeji, hata kama hawapo. Akaelekeza kipaza sauti majini.

"Ndugu zangu wa Korongoni, kama mpo. Serikali yenu inawapenda. Serikali yenu inawaletea udongo, udongo wa nyumbani, udongo wa mji mkuu, ambao wengi wenu hamjapata nafasi ya kuutembelea. Sasa mji mkuu unakuja kwenu. Asiyetaka maendeleo ainue mkono."

Akasubiri. Haukuinuka mkono. Akamwagiza mwandishi aandike kwamba hoja imepita.

Winchi ikaanza kufungua waya. Sote tukajibana mbele ya skrini, mimi nikiwa na sinia la chai. Maji yalikuwa ya buluu, yakawa ya kijivu, yakawa meusi. Kina chenyewe, ukidondosha sufuria baada ya uji, wenyeji wa huko chini huipokea wakati wa chakula cha mchana. Waziri akasema ameshaona, ni utupu, kalamu iletwe.

"Bado tunashuka, Mheshimiwa," Kidawa akasema. "Hilo ni giza. Si utupu."

Nilimtazama mikono. Alikuwa ameishika meza kama mtu anayengoja majibu ya daktari wa watoto.

Kisha taa ya kamera ikaufikia ukuta.

Nimeona mengi, na yale ambayo sikuyaona nimeyasimulia, lakini lile sikuwa na maneno yake. Ukuta mzima ulikuwa mweupe. Matawi juu ya matawi, vichaka juu ya vichaka, vimejipanga kwenye kingo za mwamba kama mawe ya barabarani, vyeupe pe, kutoka tunapoanzia kuona mpaka taa inapochokea. Katikati yake yalisimama masifongo yaliyo kama mitungi. Viti vya pwani, wale viumbe wa umbo la nyota, vyenye mikono myembamba kama tambi vilikuwa vimening'inia vikipunga. Mayai ya papa yametundikwa kama pochi mlangoni mwa duka. Samaki wenye macho makubwa walikuwa wamelala humo bila wasiwasi wowote, na kaa mmoja mwekundu alitoka, akaikaribia kamera, akamtazama Waziri kwa makini, akarudi ndani.

Mimi ndiye niliyeropoka, bila kufikiri, kama ambavyo mtu yeyote wa nchi yetu angeropoka.

"Kumbe huku wameshapaka chokaa."

*

Bwana Mkanyia alikaa chini. Hakukuwa na kiti mahali alipokaa, lakini alikaa.

Fuata na wewe hesabu yake. Mawe ni meupe, kwa hiyo Baba Mlezi anakuja. Baba Mlezi anakuja, na Mkuu wa Itifaki hajui. Mkuu wa Itifaki hajui, kwa hiyo mwingine ndiye anayejua, na huyo mwingine kesho atakuwa na funguo za ghala. Alipoinuka alikuwa amekwisha kujipanga. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemezwa taratibu, kwamba kazi imefanyika vizuri na yeye mwenyewe aliisimamia.

Waziri naye hakuwa mjinga wa mambo hayo. Akawaza kwamba kama korongo limepakwa, basi kuna ziara aliyofichwa, na aliyefichwa ziara ni mtu aliyeanza kuchimbiwa. Akasema bila shaka, yeye aliamua tangu mwanzo. Alikuja tu kuangalia kama wamekoleza.

"Mheshimiwa," Kidawa akasema, "hiyo si chokaa. Ni rangi yake. Yanazaliwa hivyo."

Waziri akaweka kidole mdomoni. Kisha akamkonyeza.

"Vizuri sana, Daktari. Watu wakikuuliza, uwajibu hivyohivyo."

"Ni mifupa yake, Mheshimiwa. Ndivyo yalivyo, hata bila mtu kuja."

"Umesikia, Mkanyia? Hata sisi anatuficha. Watumishi wa namna hii ndio tunaowahitaji."

Cheti cha Utupu kilirudishwa kwenye mkoba, maana ni mwendawazimu gani atakayemwaga tope mahali palipokwisha kupakwa chokaa.

Kidawa, kwa ile kasoro yake, hakukubali kunyamaza. Aliandika barua wizarani kueleza kwamba hakuna aliyepaka kitu. Barua ikapigwa muhuri wa SIRI, naye akapongezwa. Akaandika nyingine kupinga pongezi. Hiyo ikapigwa muhuri mkubwa zaidi. Ya tatu alipoipeleka kwa mkono, walinzi walisimama wima wakampigia saluti.

Nchi kavu, maandalizi yakapamba moto. Bahari iliyo juu ya korongo ilifagiliwa. Naam, ilifagiliwa, niliwaona kina mama wa kikundi cha usafi wakiwa kwenye boti na fagio ndefu, wakisukuma mawimbi yasimame mstari mmoja. Kwaya ilifundishwa kuimba ikielea. Mabaharia waliopita juu ya hapo walitakiwa kuvua kofia na kuzima redio. Choo cha kigae kilijengwa juu ya boya, kwa ajili ya mgeni, na picha yake ikawekwa ndani, ikitazama pembeni.

Matishali nayo yakabaki bandarini na tope lake. Mvua zikanyesha, tope likaota mchicha, mchicha ukanenepa, na wenye njaa wakawa wanapanda humo na vikapu. Tishali moja lilipata mpaka mgogoro wa mipaka ya mashamba.

Nilikuwa nikiyatazama hayo kwa furaha, nikamwambia Kidawa ameshinda. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya meli, hajagusa chakula.

"Mjomba, nimeshinda nini?" akaniuliza. "Chokaa hulinda mahali mpaka mgeni aondoke. Akija akaondoka, imekwisha kazi, na cheti hakuna atakayekiuliza tena. Manahodha wa matishali wameshaambiwa: boti ya Baba Mlezi ikigeuka tu, wao wanaingia na kumwaga. Ninaombea asije, na ziara ninayoiombea isije haipo."

Nikamfariji kwamba ziara ambayo haipo haiwezi kuja. Hapo niliisahau nchi ninayoishi.

*

Habari ya ziara ilipanda. Kutoka kwa wafagia bahari ilifika kwa wauza mchicha, kutoka kwa wauza mchicha ikafika jikoni Ikulu, na kutoka jikoni ikafika kwa kinyozi wa Baba Mlezi, ambaye siku moja, wembe ukiwa shingoni, alimtakia safari njema ya Korongoni. Baba Mlezi hajawahi kusahau jambo tangu aingie madarakani. Iko kwenye katiba. Kwa hiyo hakuuliza safari gani. Akasema, "Nilishawaambia mapema," na gari likawashwa.

Akaja. Siku hiyo bandari nzima ilikuwa na bendera, na nyuma ya bendera matishali, injini zikiunguruma chinichini. Kidawa alisimama karibu na skrini, amevaa gauni lake la heshima ambalo alilivaa mara ya mwisho msibani.

Baba Mlezi alikaa kwenye kiti kilichowekwa juu ya kiti. Kamera ikashuka, giza likaja, likapita, na ule ukuta ukatokea tena katika weupe wake. Alitazama kwa muda mrefu. Akauliza mbona wenyeji hawapigi makofi. Bwana Mkanyia akaeleza kwamba huko chini baridi ni kali, hivyo makofi huanza leo na husikika kizazi kijacho. Baba Mlezi akaona hilo lina heshima yake.

Kilichompendeza zaidi ni kazi ya wapakaji.

"Mpaka upande wa nyuma wamepaka," akasema. "Kitopeni walipaka mbele tu. Nilishuka garini nikaona."

Waziri aliinama kwa unyenyekevu, kama mtu aliyeshika brashi mwenyewe. Kisha akaangalia saa yake, akaangalia matishali, akanyanyua kitambaa chekundu cha kuwapa ishara manahodha. Baba Mlezi alikuwa ameanza kuteremka kitini. Kidawa alikuwa mweupe kuliko ukuta wa skrini.

Hapo ndipo mimi Feruzi, nikimmiminia Kidawa chai, nilipoinama sikioni mwake nikamnong'oneza maneno matatu: jiwe la msingi.

Msomaji wa nchi nyingine hataelewa, kwa hiyo nitaeleza. Baba Mlezi anapenda sana kuweka mawe ya msingi. Hufunuliwa pazia, hupigwa makofi, jiwe huachwa pale na jina la mradi na jina lake, na magazeti huandika kwamba mradi umezinduliwa. Na mradi uliozinduliwa, kila mtu anauhesabu umekwisha. Wizara inauandika kwenye mafanikio. Fedha zinafungwa. Mhandisi anahamishwa. Tuna jiwe la uwanja wa ndege ambalo mbuzi hulitumia kujikuna. Tuna jiwe la chuo kikuu katikati ya shamba la mihogo, na mihogo ya pale haijawahi kuguswa na msomi. Kwa kifupi, mahali palipowekwa jiwe la msingi hapajawahi kufanyika kitu chochote tena, tangu nchi iwe nchi.

Kidawa aliweka kikombe chini. Akasogea mbele, akapiga goti dogo la adabu.

"Baba Mlezi," akasema, "naomba kusema. Leo hapa pataanza mradi wa kumwaga tope la Ziwa la Taifa. Mradi mkubwa namna hii hauwezi kuanza kimyakimya, kama mtu anayetupa maganda ya ndizi dirishani. Tunaomba uuwekee jiwe la msingi."

Mabaharia wote wa Subira walimgeukia. Walijua alivyolilinda korongo lile, na sasa anaomba tope kwa mdomo wake. Baharia mmoja alitema mate baharini, pamoja na kwamba pamefagiliwa.

Lakini Baba Mlezi alikuwa amesharudi kitini, na uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyesikia sahani. Akamuuliza Waziri ni kwa nini hajafikiria hilo. Waziri akasema alikuwa anakuja kulisema. Bwana Mkanyia hasafiri bila jiwe. Hulibeba kwenye buti la gari likiwa limechongwa tayari, na mahali pa jina la mradi pameachwa wazi. Likaletwa, likaandikwa, likavalishwa pazia dogo jekundu, likafungwa kwenye waya wa winchi. Kidawa akaomba kitu kimoja tu, aongoze winchi mwenyewe. Akalishusha polepole, akalipitisha mbali na matawi yote, akaliketisha kwenye mwamba mtupu, katikati ya weupe. Kamba ikavutwa. Pazia likafunguka. Makofi yalipigwa mpaka boya la choo likaenda mrama.

Baba Mlezi akaondoka. Na matishali?

Manahodha waliwasha taa wakasubiri kitambaa chekundu. Hakikunyanyuliwa. Waziri alikuwa tayari yuko kwenye redio akitangaza kwamba mradi wa tope umezinduliwa kwa mafanikio makubwa, na mtu hawezi kwenda kuufanya mradi ambao umeshafanikiwa. Ni kama kumtilia shaka Baba Mlezi. Mwezi uliofuata Lukumbo alipandishwa cheo. Tope, kwa kuwa bandari ilihitaji nafasi, lilirudishwa kilimani likiwa na mchicha wake, likamwagwa kwenye shimo la Ziwa la Taifa, na kazi hiyo ikapewa jina jipya la Mpango Kabambe wa Kufukia Mashimo. Huo ndio mradi pekee ambao haukuwekewa jiwe, na ulikamilika kabla ya wakati.

*

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika, nimekaa kibarazani kwangu, nikijisomea kwa sauti ile sehemu ya chai na maneno matatu sikioni, maana inanifurahisha, ndipo nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umefika lini?"

"Tangu kwenye makofi," Kidawa akasema. "Hebu rudia pale uliponimiminia chai."

Nikasema macho yamechoka. Akavuta kigoda akakaa, akaninyang'anya karatasi, akasoma mwenyewe, akitikisa kichwa taratibu kama anayehesabu mawe kwenye wali.

"Mjomba Feruzi. Baba Mlezi husafiri na mpishi wake, na wapishi wengine wote hufungiwa mpaka aondoke. Siku ile ulikuwa stoo."

Nikamwambia nilichungulia kwenye tundu la mlango. Akasema mlango wa stoo ni wa chuma na hauna tundu. Nikasema basi nilisikia. Akasema yeye ndiye aliyesikia. Alisikia nakoroma, na Baba Mlezi alidhani ni injini akaisifia.

Nikabaki nakuna magoti. Nikamwuliza, kama si mimi, lile neno la jiwe lilitoka wapi. Hapo akaacha mzaha.

"Siku niliyompeleka mama hospitali ya wilaya, ile mpya. Tulishuka kwenye gari, tukalikuta jiwe. Hospitali hatukuiona. Tulikaa juu ya jiwe tukingoja gari la kurudi, mama ameniegemea, nikawa nalisoma lile jina kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusoma. Ndipo nikajua nchi hii inafanyaje kazi."

Kidawa akanitoza faini papo hapo: pilau kwa mabaharia wote wa Subira, ya nyama, na wala si ile ninayoiita ya nyama. Nikapika. Wakaja wote, hata wale niliowaambia ni kesho, wakakaa ukumbini mpaka uani, na kila aliyepita jikoni alinishika bega akaniuliza kama stoo kulikuwa na joto.

Kidawa alikula, akasema upande wa kushoto umeshika kidogo, kisha akanong'ona kwamba wiki iliyopita alishusha kamera. Pazia la jiwe limekwisha kuliwa. Jina la Baba Mlezi amelikalia kaa. Na juu ya jiwe, pembeni, limeota tumbawe, dogo kama punje hii hapa, akaniinulia punje ya mchele kwenye ncha ya kidole, jeupe. Maana yake lile ndilo jiwe la msingi la kwanza katika nchi yetu ambalo juu yake kimejengwa kitu.

Nikamwambia hilo hakuna mtu atakayeliamini, na mimi siwezi kulitia katika kisa cha kweli kama hiki.

Akanisogezea sahani nimwongezee pilau.